Utani Usio na Mtani

Mwenye kuwajibika ni mwenyekiti wa kamati ya mashindano ya mpira wa kikapu ya wanawake katika wilaya yetu, aliyeshika nafasi hiyo mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baada yake wanawajibika wajumbe walioketi naye mezani siku ile, wakaona aliyoyaona, wakasikia aliyoyasikia, kisha wakatia saini uamuzi wake. Mashabiki wana lawama yao, nami nitaieleza, lakini shabiki hana filimbi wala muhuri. Hadi leo, kwenye misiba na harusi za Temeke, nasikia watu wazima wakisema kwamba senta wetu alijiharibia mwenyewe kwa hasira. Nilikuwapo. Hakukasirika. Aliuliza swali.

Nilikuwa ofisa utumishi wa shirika moja la umma lenye maghala kando ya Barabara ya Pugu. Ofisa utumishi wa siku zile alibebeshwa kila jambo lililokosa mwenyewe, hivyo nikawa pia katibu wa timu ya wanawake. Timu ilikuwa ya makarani, wapiga chapa na wafungaji mizigo. Kazi ilipokwisha walibadilisha nguo katika kibanda cha mlinzi, wakafagia mchanga kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala, ndipo wakaanza mazoezi. Hakuna aliyelipwa kwa kucheza. Waliruhusiwa kutoka mapema siku za mechi, na mechi ikiisha wakapewa soda.

Wachezaji wawili ndio wanaohusika na maelezo haya. Senta, yule anayesimama karibu na kikapu na kumalizia, alikuwa mfungaji mizigo. Alizaliwa kandokando ya Ziwa Viktoria, akaja kuishi Chanika kwa mama yake mdogo aliyekuwa akilima mihogo. Alikuwa mrefu kuwapita wanaume wengi wa ghalani, na mweusi wa kukolea. Mgawaji, yule anayeuleta mpira mbele na kuamua nani apewe, alikuwa karani wa mapokezi. Baba yake alikuwa na duka Tandika. Walikuwa watu wa asili ya Kiarabu, waliokaa Temeke tangu enzi za babu yao, na Kiarabu cha binti huyo kiliishia kwenye dua. Baba alimruhusu kucheza kwa sharti kwamba avae suruali ndefu na kitambaa kichwani. Alivaa, na hakuna mlinzi wa timu pinzani aliyewahi kufaidika na suruali ile.

Mabinti hao walielewana kwa namna ambayo haifundishwi. Mgawaji aliurusha mpira juu, upande ambao hapakuwa na mtu, nasi tukashika vichwa. Mpira ulipoanza kushuka, mkono wa senta ulikuwa umekwisha kufika.

Kisha likaja soko huria. Shirika letu liliambiwa lijiandae kupata mnunuzi, na kila mtu alijua kwamba wafungaji mizigo ndio watakaopunguzwa kwanza. Madukani zikajaa bidhaa ambazo hatukuzizoea, zikiwamo krimu za kujichubua. Baba wa mgawaji alikuwa akiziuza, kama wenye maduka wenzake wa kila asili. Wakati huohuo mfanyabiashara mmoja mwenye kiwanda cha biskuti Mikocheni alitangaza kwamba anaunda timu ya wanawake ya kulipwa. Mchezaji angepata mshahara kwa kucheza, na msimu ukiisha angefanya kazi kiwandani. Alisema angewachukua wachezaji kwa mapendekezo ya kamati, na kwamba hataki mwenye adhabu.

Kwa mgawaji, Mikocheni ilikuwa bahati njema. Kwa senta ilikuwa ndiyo kazi pekee iliyobaki kabla ya jembe la Chanika. Aliniambia hivyo waziwazi.

"Mzee Katibu, mie nikipunguzwa hapa, mihogo inanisubiri. Haina haraka, lakini inanisubiri."

Nikamwambia acheze kama anavyocheza, mengine tutayasimamia sisi.

Habari za malipo zilileta watu. Vikundi vya akina mama vilihamishia uwanjani mambo ya harusini: kanga za sare, vigelegele, vijembe. Sikuwa na ugomvi na jambo hilo. Miaka mingi wanawake wale walikuwa wakicheza mbele ya mlinzi na mbuzi wake. Sasa walikuwa na watu wa kuwashangilia. Lakini polepole vijembe viliacha mchezo vikashika ngozi.

"Shoga, zima taa uone kama utamwona!"

"Taa za nini, na jua lote hili? Mwambie acheke, tumtambue kwa meno!"

"Mpeni mpira mweupe wetu! Mwarabu wetu, wape raha!"

Na kutoka upande wa pili wa uwanja: "Mweupe wenu mrudisheni Maskati akauze halua!"

Ieleweke kwamba waliosema hayo hawakuwa watu wa asili moja. Wengi wa waliomsema senta walikuwa weusi kama yeye, na baadhi yao nyuso zilikuwa za rangi moja na vidole vya rangi nyingine, kwa kazi ya zile krimu. Mgawaji naye hakufurahia kushangiliwa. Siku moja alikuja mezani kwangu asubuhi, akanipa shikamoo, akasimama.

"Jana nimepoteza mipira, mzee, umeona mwenyewe. Mbona wakapiga vigelegele?"

"Wanakupenda."

"Wanapenda nini? Nikikosa wanashangilia, mwenzangu akifunga wanazomea. Hapo kuna mpira kweli?"

Nilipeleka suala hilo kwa mwenyekiti wa kamati. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tumbo na kofia ya kiua, hodari wa kutuliza mambo kabla hayajasemwa. Akaniwekea mkono begani.

"Bwana Katibu, wewe Mzaramo mzima unashtakia utani? Ni utani huo. Watu wasitaniane?"

Hapa sina budi kusimama, kwa sababu neno hilo ndilo lililotumika kuhalalisha yote. Mimi ni Mzaramo, na utani nimeulea. Mnyamwezi akinikuta nimekaa juu ya kiti kizuri ana haki ya kuniondoa na kuniita mtumwa wake, nami nitamjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Lakini Mnyamwezi huyo ni mtani wangu kwa jina, namjua naye ananijua. Nikifiwa anakuja. Anashika jembe kaburini, anaigiza alivyokuwa akitembea marehemu, anawachekesha waliokuwa wakilia, na hafukuzwi. Anayekutania ana deni kwako siku ya msiba. Utani pia hujibiwa. Asiyeweza kujibu hataniwi, anaonewa. Na katika maisha yangu yote sijasikia utani wa rangi ya ngozi. Kuna utani wa kabila na kabila, wa babu na mjukuu, wa shemeji. Huu wa mweusi kumcheka mweusi kwa weusi wake hauna ukoo. Nilimweleza mwenyekiti hayo yote. Akacheka, akaniuliza kama nimekwisha kunywa chai.

Mechi ya mwisho wa msimu ilichezwa kwetu, na mwenye kiwanda alikuja, akapewa kiti kando ya mwenyekiti. Kikundi kimoja cha akina mama, mashabiki wa timu ya wapinzani, kilikuwa kimevaa kanga mpya zenye jina lisemalo: Mkaa hata ukiuosha hautakati. Walikaa mstari mmoja, wakageuka migongo kwa pamoja ili maandishi yasomeke. Watu wakacheka sana. Mwenyekiti alicheka. Mwenye kiwanda aliinama akasoma.

Senta alicheza. Katika kipindi cha kwanza alifunga kama mtu anayepanga mizigo rafuni, bila haraka, kila kitu mahali pake. Mgawaji alimrushia mipira hata pale alipoweza kufunga mwenyewe, na watu waliompigia vigelegele wakaanza kumlalamikia: "We Mwarabu, funga mwenyewe! Unamlisha mkaa?"

Kipindi cha pili, senta akiwa amesimama kwenye mstari kwa ajili ya mtupo wa adhabu, kipande cha mkaa kilirushwa kutoka kwenye mstari wa zile kanga. Kilimpiga begani, kikaacha alama kwenye jezi nyeupe, kikaanguka miguuni pake. Mwamuzi alipiga filimbi. Kanuni ilikuwa wazi, na ilikuwa imesomwa mbele ya timu zote kabla ya msimu: kitu kikirushwa uwanjani mchezo unasimama, na aliyerusha anatolewa. Mwamuzi akaitazama meza. Mwenyekiti akapunga mkono.

"Utani huo! Endeleeni!"

Senta aliuweka mpira chini. Akaokota ule mkaa, akaja nao hadi mezani akitembea kawaida. Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka hapo na nililisikia kila neno.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, rudi ukacheze."

"Narudi. Nauliza kitu kimoja tu. Umesema huu ni utani. Mtani wangu ni nani hapa? Asimame nimwone, siku nikifiwa nijue nani wa kumwita."

Akauweka mkaa mezani mbele yake.

Mzee mmoja nyuma yangu alisema, "Hapo kasema." Baadhi ya zile kanga ziligeuka, zikatazama mbele. Hakuna aliyesimama. Mwenyekiti alitazama mkaa, akamtazama mgeni wake, na nilimwona akitafuta mzaha wa kumtoa pale asiupate. Ndipo uso wake ukabadilika.

"Umeondoka uwanjani bila ruhusa na umeitukana kamati. Mwamuzi, mtoe nje."

Mwamuzi alisita. Mwenyekiti akarudia. Senta akatoka, akakaa kwenye benchi na taulo mapajani. Mgawaji alimtazama kocha, akamtazama mwamuzi, kisha akaenda kukaa kando yake. Tulimaliza mechi na wachezaji pungufu, tukashindwa. Aliyerusha mkaa alibaki mahali pake hadi mwisho.

Wiki iliyofuata kamati ilimfungia senta msimu mzima kwa utovu wa nidhamu. Tulikata rufaa. Siku ya kusikilizwa rufaa, baba wa mgawaji alifunga duka, akavaa kanzu, akaja na binti yake kutoa ushahidi. Aliketi kwenye ubao nje ya chumba cha mkutano. Mwenyekiti alipotoka akamwambia kwamba kamati haihitaji mashahidi, imeona yenyewe.

"Kama mmeona wenyewe," akasema mzee yule, "basi mimi nimekuja kushuhudia nini? Nimekuja kuwakumbusha tu. Aliyerusha na wenzake ni wateja wangu, nawajua majumbani kwao. Niwataje?"

Hakutakiwa kuwataja, na rufaa ikatupwa.

Mwenye kiwanda alichukua wachezaji wake kwa mapendekezo ya kamati, na senta hakuwamo kwa sababu alikuwa na adhabu. Mgawaji alipendekezwa. Alimjibu mwenye kiwanda kwamba yeye hupiga mpira mahali ambapo mwenzake anafika, na kama mwenzake hayupo atautupa nje. Asilipwe kwa kazi hiyo. Akaishia dukani kwa baba yake. Senta alipunguzwa kazi pamoja na wafungaji mizigo wengine, akaenda Chanika. Hakucheza tena. Msimu wa adhabu ulipokwisha, hapakuwa na timu ya kurudia; shirika lilikuwa limekwisha kuuzwa. Yupo hai. Ana shamba lake na wajukuu, na mara ya mwisho nilipomtembelea aliniuliza jambo moja tu, kama lile jina la utovu wa nidhamu bado lipo kwenye kumbukumbu za chama. Nilimjibu ukweli kwamba lipo. Mjukuu wake mkubwa ameanza kucheza.

Mwenyekiti naye yupo hai, amestaafu kwa heshima, na hukaribishwa kwenye fainali kama mlezi wa mchezo. Kamati ile imerithiwa na chama cha sasa. Kwa hiyo, mimi niliyekuwa katibu wa timu, nataka yafuatayo kutoka kwa chama. Kwanza, adhabu ile ifutwe, na kufutwa kwake kutangazwe uwanjani mbele ya mashabiki, mhusika mwenyewe akiwapo. Pili, mwenyekiti wa wakati ule aitwe, na wajumbe walio hai pamoja naye, waeleze ni kwa kanuni ipi aliyerushiwa alitolewa na aliyerusha akaachwa. Tatu, majibu yao yatolewe kwa maandishi na yasomwe hadharani. Mhusika ana haki ya kuyasikia angali hai, nami nayataka kabla ya msimu ujao kufunguliwa.