Nyasi Laini za Luiche

Mke wangu nilinyang'anywa na ng'ombe.

Najua unacheka. Cheka tu, mimi nilishamaliza kulia.

Naitwa Pastory, mkulima wa kahawa huku Kalinzi. Nilimuoa Yunisi, binti wa Mzee Nehemia wa Ujiji, na kwenye mahari nikapeleka mtamba mweusi, kanona hasa. Kenta ilipomshusha pale kwa mzee, majirani walitoka nje kumtazama.

Haikupita miezi mingi simu ikaita. Ng'ombe kakonda, na chini ya taya kavimba kama kabeba mfuko wa maji. Baadaye akafa.

Wakati huo Yunisi alikuwa kwao. Ni kawaida yetu, uzazi wa kwanza mke anajifungulia kwa mama yake, akipata nguvu anarudi kwa mume. Mtoto akazaliwa, tukampa jina Elida. Nikapiga simu kwa mkwe kuuliza nije lini kuwachukua.

"Uje kuchukua nini?" Mzee akasema. "Ng'ombe wa inkwano akifa hajazaa, kwangu mimi hajafika. Umeniletea mgonjwa. Leta mzima ndiyo tuongee."

Inkwano ndiyo mahari kwa Kiha. Na Mzee Nehemia akishasema, kasema.

Nilibembeleza, nikatuma wazee, wakarudi na majibu yale yale. Mwishowe nikamchukua ng'ombe wa mama yangu, aliyemlea tangu ndama, nikampandisha kwenye kenta. Mama alikaa mlangoni anatazama barabara.

Mzee akampokea, halafu akanipigia simu akaongeza sharti. "Huyu tutamtazama kwanza. Akinenepa na akishika mimba, mkeo utamchukua. Kabla ya hapo usikanyage kwangu."

Nikakubali. Ningefanya nini?

Toka hapo maisha yangu yakawa ya kwenye simu. Jioni natoka shambani hoi, nampigia Yunisi, na hata salamu sijamaliza nauliza ng'ombe kaamkaje.

"Anakula vizuri," ananiambia. "Vumilia, Baba Elida. Siku hizi namlisha mimi mwenyewe."

Elida akaanza kukaa, nikaona kwenye simu. Akatambaa, nikaona kwenye simu. Mtandao ukikata nabaki nimekodolea kioo kama mjinga.

Kisha Yunisi akaanza kunijibu kwa kifupi. Nikajua mambo yameharibika.

Siku ng'ombe alipoanguka nilishuka Ujiji na bodaboda, mvua ikanipiga njia nzima. Nikamkuta kalala ubavu, mifupa nje nje, na chini ya taya kuna ule uvimbe, vilevile kama wa mwenzake.

"Shikamoo baba," nikamwamkia mkwe.

"Marahaba. Umeona aina ya ng'ombe mnaofuga kwenu?"

Nilikuwa nimechoka hata kukasirika siwezi.

Akachinjwa kabla hajajifia. Bibi mifugo wa pale, Klementina, akaja kukagua nyama. Alipolipasua ini, lilikuwa gumu, limejaa makovu, na kwenye mirija yake wakatoka minyoo bapa kama majani madogo, wengine bado wanajikunja.

"Si nilisema?" Mzee akanigeukia. "Wanakuja na ugonjwa kutoka huko Kalinzi."

"Kalinzi kuna wengine wanaumwa hivi?" Klementina akaniuliza.

"Hakuna hata mmoja. Na hawa walitoka mazizi mawili tofauti."

"Hapa wanakula wapi?"

"Hawaendi popote," Mzee akadakia. "Wako bandani, wanakatiwa nyasi bonde la Luiche, palepale kwenye maji. Kiangazi kizima kule ni kijani. Nyasi laini, hata mtu ungezitamani."

Klementina akaomba kupelekwa. Tukaenda wote, Yunisi akitangulia na Elida mgongoni, maana siku hizo yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kule.

Bibi mifugo akainama, akang'oa bua lililosimama majini. Kwenye shina alinata konokono mdogo, hata punje ya harage ni kubwa.

"Mnamwona huyu?" akasema. "Ng'ombe yeyote mgonjwa akinya karibu na maji, mayai ya mnyoo yanaingia humu. Yakianguliwa, vijidudu vinamwingia konokono, vinakulia ndani yake. Vikitoka vinaganda kwenye nyasi, na kwa macho huvioni. Ng'ombe akizila hizo nyasi, vinakwenda kukaa kwenye ini. Mkwe wako hakuleta mgonjwa, mzee. Wameugulia kwako."

Mzee Nehemia alikohoa, akatazama pembeni.

"Yule wa kwanza nilimkatia mimi mwenyewe," akasema polepole.

Hakuna aliyeuliza huyu wa pili alikatiwa na nani. Yunisi alishakaa chini kwenye tope, mtoto mgongoni.

"Nilikuwa naingia mpaka magotini," akasema. "Za pembeni naziacha, nafuata za ndani ambazo ni laini zaidi. Nilitaka anenepe haraka nirudi kwangu."

Nilimhurumia sana. Mwanamke kaamka kila alfajiri, kaingia kwenye maji ya baridi ili arudi kwa mume wake, kumbe anamlisha ng'ombe sumu. Nikachuchumaa nikamshika mkono.

Mzee akamgeukia binti yake. "Kafunge mizigo, mwanangu," akasema. "Nenda na mumeo."

Hakuomba msamaha, na mimi sikuungoja.

Nikamfungua Elida mgongoni kwa mama yake nimbebe, mara ya kwanza katika maisha yake. Akanitazama usoni, akaangua kilio, akamnyooshea babu yake mikono. Mtoto wangu hanijui. Alilia hivyo njiani mpaka tukapita Mwandiga.

Ndugu yangu unayefuga karibu na maji, nyasi zinazoota majini ziogope. Kata za mwinuko, na ukizikosa kabisa zianike zikauke vizuri kwanza. Mwite bibi mifugo mapema, usingoje ng'ombe avimbe taya. Na kama ni mkwe, kabla hujamzuia mke wa mtu kwa ajili ya mnyama, jiulize mnyama mwenyewe unamlisha nini.

Sisi tumerudi nyumbani. Mama hana ng'ombe tena, na Elida akiamka asubuhi bado anazunguka nyumba nzima anamtafuta babu.