Begi Dogo la Safari ya Meli

Sababu ya safari hii ni mke wangu, Perez. Jioni moja tulitoka kwenye harambee ambako alikuwa amepika tangu asubuhi. Alikaa kitandani, akavua viatu, akasema, "Baba Achieng', nataka kwenda mahali sitapika, sitaosha sufuria, na hakuna mtu ataniita Mama Achieng'. Siku mbili tu." Tangu tuoane hajawahi kusafiri ila kwa matanga, harusi au kumwona mgonjwa, na kote huko hufikia jikoni. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Nikamtafutia meli. Kuna jamaa wa Homa Bay walioanza kuwatembeza watu ziwani kwa chombo cha ghorofa mbili. Unapanda Alhamisi, unalala katika nyumba ya wageni kisiwani Mfangano, unarudishwa Jumamosi mchana. Wenyewe walikiita boti. Mimi nilikiita meli, kwa kuwa nilikuwa nimeshalipa.

Migori, kabla ya kuondoka. Mimi huuza mabegi ya mtumba sokoni, kwa hiyo katika mambo ya kupanga mizigo sikubali kufundishwa na mtu yeyote isipokuwa Wazungu wa kwenye simu. Nilitazama video zao wiki nzima. Nguo hazikunjwi, huviringishwa. Soksi huingia ndani ya viatu. Dawa ya kichefuchefu hukaa juu, na lazima kuwe na vazi rasmi la usiku ule mtakapokula na nahodha. Nikaviringisha suti yangu, nikaviringisha na gauni la Perez la harusi ya dada yake. Vyote vikaingia kwenye begi moja dogo la magurudumu, na zipu nikaifunga kwa kidole kimoja.

Perez alilinyanyua, akatabasamu. "Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

Kwa siku kadhaa nikawa mume bora Migori nzima.

Jumapili nikaharibu. Pasta aliuliza, kama kawaida yake, kama kuna mwenye safari wiki hiyo asimame aombewe. Watu husimama kwa sababu ya kwenda hospitali Kisii. Mimi nilisimama nikatangaza kwamba mimi na mama watoto tunakwenda visiwani, kwa meli, kwa mapumziko. Neno "mapumziko" nililitamka polepole ili na wa nyuma walipate. Tuliombewa kwa mikono iliyoinuliwa. Perez alikuwa ameinamisha kichwa, nikadhani anasali.

Jioni hiyohiyo mizigo ikaanza kuingia. Mama Otis wa kwaya ndiye aliyefungua njia. "Si mnaenda Mfangano? Mbebee tu waya yangu hii unga kidogo." Waya ni shangazi, na unga kidogo ulikuwa nusu gunia. Mama Fatuma, mwenye duka la vitambaa karibu na stendi, akaleta furushi la leso za mteja wake wa kisiwani. "Shemeji, meli haijai," alinituliza. Mtu mwingine akaleta njugu za binamu yake wa Magunga, ambaye eti angekuja kuzipokea Homa Bay. Jogoo sikujua aliletwa na nani. Nilimkuta tu amefungwa kwenye mguu wa meza. Kumkatalia mzigo mtu aliyekuombea ni jambo ambalo Wazungu wa kwenye simu hawana video yake.

"Si ungesema hapana?" Perez aliniuliza.

"Ni vitu vya kushusha tu. Hatutakaa."

Akaenda kumwekea jogoo maji.

Homa Bay, Alhamisi asubuhi. Tulifika kwa gari la kukodi, Probox, begi likiwa mapajani mwangu na mengine yote yamejaa nyuma. Wa Magunga hakutokea, kwa hiyo njugu nazo zikapanda. Karani wa kuandikisha abiria alimtazama jogoo. "Huyu ni abiria ama ni mzigo?" Kisha akamwuliza mke wangu jina.

"Perez."

"Mama nani?"

"Perez tu."

Akavaa jaketi la kujiokoa, akapanda juu, akakaa mbele kabisa. Mimi nilibaki chini kulinda unga usilowe.

Ziwani, tulipoanza kukipita kisiwa cha Rusinga, nilichungulia kwenye ngazi. Alikuwa amevua viatu, ameuelekeza uso kwenye upepo, anacheka na mwanamke asiyemjua kabisa. Mke wangu hucheka nyumbani pia, lakini kwa adabu, sikio moja likiwa kwenye jiko. Huku alicheka kwa sauti hadi akashika tumbo. Nilifurahi, nikarudi kwa jogoo wangu.

Mfangano, alasiri. Mwenye unga, Waya Dorka, alikuwa amesimama pale boti linapofungwa. Mama Otis alikuwa amempigia simu.

"Karibuni, watoto wangu!" Akaupita mkono wangu, akaushika wa Perez. "Wewe ndio Mama Achieng'? Yawa! Nimeambiwa hakuna mtu anasonga kuon kama wewe."

Kuon ni ugali. Uso wa Perez ukafungwa kama duka. Akanitazama mara moja tu, kisha akafunga leso kiunoni, akamfuata Waya Dorka jikoni.

Nyumba ya wageni tuliyoilipia tuliiona kwa mbali, taa zake zikiwaka vizuri sana. Waya Dorka hakutaka kusikia habari ya mgeni wake kulala kwa watu. Jogoo alichinjwa. Suti niliivaa, maana ilikuwa imekuja. Nahodha naye akaja kula, kwa sababu Waya Dorka ni shangazi yake. Kwa hiyo Wazungu hawakunidanganya: nilikula na nahodha nikiwa nimefunga tai, na Perez akatunawisha mikono.

Ijumaa alipika kwa mwenye leso, ambaye naye alikuwa ameshasikia habari za ugali wake. Usiku aliosha sufuria. Nilisema nimsaidie, wanawake wa pale wakanicheka, nami nikakubali haraka kuchekwa.

Jumamosi, Homa Bay. Mwenyeji haachi mgeni aondoke mikono mitupu, na kila salamu ya kupeleka Migori ilikuja na mzigo wake. Nilishusha gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja na samaki wakavu, kuku jike wa kumpelekea Mama Otis, na njugu zilezile za Magunga. Nikapanga kila kitu chini, nikageuka kumpa mke wangu mkono ashuke. Hakuwa ameinuka kwenye kiti.

"Enda nyumbani, Baba Achieng'. Boti inaenda kisiwa cha Takawiri saa hii, na huko sina mtu hata mmoja. Nimeshaongea na nahodha."

"Na begi?"

"Beba."

"Na nguo zako?"

Akanionyesha leso begani na mswaki mkononi.

"Sasa watu watakaokuja kuchukua omena nitawaambia nini?"

"Utawapikia chai," alisema Perez. Boti likaondoka naye, na hakuna aliyelipungia mkono isipokuwa mimi.

Migori. Wote walionipa mizigo walikuja jioni hiyohiyo, kila mmoja na swali lake. Nilipika chai, ikamwagika, nikapika nyingine. Vikombe niliviosha nikiwa nimeinama mpaka mgongo ukalia, na bado mtu mmoja akauliza kama hakuna mandazi. Perez alirudi Jumatatu, uso umepigwa jua, na hakuleta hata dagaa mmoja. Alilala mpaka asubuhi bila kugeuka.

Siku hizi mteja akiniuliza begi gani linafaa safari ya meli, humwuliza kwanza amemwambia nani.

Juzi Jumapili, Pasta aliuliza tena kama kuna mwenye safari. Nilijua ipo, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwona Perez akiviringisha leso. Pasta akanitazama mimi hasa, akangoja. Nilishika benchi kwa mikono miwili, nikatazama mbele.

"Hakuna?" akauliza. "Basi tuimbe."

Perez akafungua kitabu cha nyimbo, akaninong'oneza bila kunitazama.

"Beba mswaki."