Bunduki Iliyodunda Mchangani

Ukitaka kumpata Rimma Savelyevna katika studio ile ya filamu kule Leningradi, ulifuata harufu ya gundi. Zamani alikuwa kwenye kiwanda cha midoli, akiumba dubu na farasi kwa karatasi zilizolowekwa, na huko alijifunza jambo moja akalishika kama dini: kitu kizuri ni kitu chepesi. Dubu akimwangukia mtoto kichwani, mtoto acheke. Basi alipohamia studio, mashoka yake, mapanga yake, hata bunduki za wanaanga, vyote ungeviinua kwa kidole. Waigizaji walimpenda kwa hilo.

Mwaka wa sabini na mbili ikaja filamu ya sayari ya mbali. Yote yalielekea mahali pamoja: nahodha wa roketi, amezungukwa na viumbe asiowajua, anaiweka bunduki yake mchangani na kuwaendea mikono mitupu. Rimma alisoma ukurasa huo machozi yakamtoka. Alimwambia Klava, fundi rangi mwenzake, kwamba ni kitunguu.

"Kitunguu gani, shoga? Unakunywa chai!"

Filamu ilipokamilika waliwaonyesha kwanza wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi, kupima itapokewaje. Bunduki ilipotokea ukumbi ulicheka kidogo, maana mpini wake Rimma aliutoa kwenye mashine ya kusagia nyama, na nchi nzima ilikuwa na mashine hiyo hiyo jikoni.

"Jamani, nahodha anakwenda kupika katlesi!" mwanamke mmoja akapayuka.

Lakini nahodha alipoiweka chini, hapo watu waliangua kicheko mpaka wakashikana mabega.

Mwongozaji, Erast Pavlovich, alimsubiri nje kofia mkononi. "Umeniua, Rimma Savelyevna. Umeniua kwa mashine ya nyama."

"Erast Pavlovich, nitatengeneza nyingine."

"Ya nini? Sehemu ile naikata. Nahodha atafyatua miale, awaunguze wale viumbe, watu waende zao nyumbani. Na wewe nenda kapake rangi mbao za mandhari."

Kupaka mbao angevumilia. Kilichomchoma ni wale viumbe. Miezi yote akiikandika ile bunduki, alijua inatengenezwa ili iachwe; leo itaua kwa sababu yake?

"Nipe Jumatatu," alisema. "Piga ile sehemu tena, mara moja tu. Isipofaa, nitaenda mwenyewe kwenye mbao."

Erast Pavlovich alivaa kofia, akaivua tena. "Jumatatu. Halafu basi."

Ukumbi ulipokuwa mtupu Rimma alimwomba mtu wa projekta amrudishie kipande kile. Akatazama. Nahodha aliinama, akaachia, na bunduki ikadunda. Ikadunda kama mpira, ikatulia juu ya mchanga bila kuacha hata alama. Sasa nani asingecheka? Mtu anajifanya anatua mzigo mkubwa, kumbe hana kitu mkononi!

"Si mpini," alisema peke yake gizani. "Ni mimi na wepesi wangu."

Alikwenda kwa shemeji yake, mvuvi wa kwenye barafu, akamnyang'anya chubwi zake zote za kuzamishia mshipi. Akaipasua bunduki, akaijaza, akaifunga. Mpini aliuacha vile vile.

Jumatatu, kwenye machimbo ya mchanga nje ya mji, alimkabidhi bunduki Gleb Arsenyevich, mwigizaji wa nahodha. Mkono wa mzee ulishuka hadi gotini.

"Hii nini? Nimekuomba bunduki, umeniletea jiwe la kaburi! Bega langu lilibaki vitani, hukuambiwa?"

"Niliambiwa, Gleb Arsenyevich."

"Halafu?"

"Halafu nakuomba uibebe hivyo hivyo."

"Dada, ya kweli niliibeba nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kutoka mto hadi mto. Nimeshabeba vya kutosha."

Rimma akauliza tu kilichomjia. "Siku ulipoiweka chini, ilikuwaje?"

Gleb Arsenyevich alikodoa macho kwenye mchanga. "Mkono ulipanda wenyewe," alisema. "Nimeshaiachia, na mkono unapanda tu, unaelea. Nikadhani si wangu."

"Huo ndio ninaoutaka."

"Mjanja wewe," mzee alisema, akaishika vizuri. "Haya. Mwambie huyo wa kamera asilale, maana mara ya pili sibebi."

Aliibeba, akiburura miguu, bega limelegea upande mmoja. Akainama. Bunduki ikazama mchangani kwa kishindo kizito, na mkono wake, polepole, ukaanza kupanda. Mzee aliutazama kama anauona leo. Erast Pavlovich alisahau kusema kata. Kamera ikaendelea kuzunguka mpaka utepe ukaisha.

Wakawaita tena wale wa kiwanda cha nyuzi. Rimma alisimama nyuma, mgongo ukutani, vidole vyake vyenye gundi kavu vimeshikana. Bunduki ilipotua, ukumbi ulikuwa kimya kabisa; ungesikia projekta peke yake. Nahodha akasimama wima, mkono ukielea, akisitasita mbele ya viumbe wale.

Mama mmoja mzee wa mstari wa mbele hakuweza kungoja.

"Haya mwanangu," alimwambia, kwa sauti ya kawaida tu, "si umeshaitua? Nenda kawasalimie."

Naye nahodha akaenda.