Gwaride la Sindeni

Mkufunzi wetu wa mgambo alipopasuliwa goti na kano zikashonwa, daktari alimwamuru apumzike. Alipumzika njia nzima, mpaka lori lilipomshusha Sindeni. Kesho yake alikuwa uwanjani na mkongojo, akibweka "Kushoto! Kulia!" huku mguu wa kulia ukiburuta vumbi. Hakusema anaumwa, alisema goti linajifunza. Sisi makuruta wapya wa kijiji cha ujamaa tulimwiga kila kitu. Afande mkubwa alipokuja kutoka Handeni kukagua, tulipita mbele yake na bunduki za miti begani. Mwantumu, kuruta mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu, alininong'oneza kwa hasira, "Buruta mguu na wewe!" Nikaburuta.

"Mbona wote wameumia?" afande aliuliza.

Mkufunzi alikakamaa, akapiga saluti.

"Hawajaumia, afande. Wametii."