Mpini wa Pampu Uliomsubiri Mgeni Rasmi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mkasi. Meneja Utumishi aliutoa kwenye droo yake akaniambia niutunze, maana ndio wa kukatia utepe. Nilikuwa kijana wa Isevya, mtaa wa hapa Tabora, niliyemaliza shule, na kiwanda chetu cha mafuta ya karanga na sabuni kilikuwa kimetaifishwa karibuni. Ofisi yangu iliitwa Ustawi. Kazi yake ilikuwa kupeleka misaada ya kiwanda: sabuni kwa wagonjwa, madawati shuleni, mabati kwa makao ya wazee.

Ninyi mnaoifanya kazi hii leo mna semina na magari. Sisi tulikuwa na utaratibu tu. Kiwanda hakikutoa kitu peke yake. Kilitafuta mshirika, mara nyingi shirika la hisani la dini, ambalo ndilo lililotoka jasho. Kisha yakaja makabidhiano: watu wakusanywe, mgeni rasmi akate utepe, na risala isomwe. Risala ni maneno ya shukrani, na niliyeyaandika kwa niaba ya wenye kushukuru ni mimi. Nilipelekwa Nzega, nikarudishwa Tabora, mameneja wakabadilika, utaratibu ukabaki vilevile.

Wakati wa kuhamia vijijini, watu wengi walipelekwa kando ya njia ya zamani ya misafara, magharibi ya mji, mahali pasipo na maji ya maana. Dada yangu Zaina na mumewe walikuwa miongoni mwao, na Zaina alikuwa na mimba kubwa. Masista wenye zahanati pale walikubaliana na kiwanda: wao na wanakijiji wachimbe kisima, sisi tulete pampu ya mkono. Walichimba kweli. Fundi wetu akaifunga pampu, akaijaribu, maji yakatoka safi na matamu. Zaina alikunywa kwa viganja, akanicheka nilivyozamisha viatu vya ofisini kwenye tope.

Jioni ile fundi aliamriwa aung'oe mpini aulete ofisini. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa Dar es Salaam, alikuwa hajapata nafasi.

"Ndugu Meneja," nilimwambia Meneja Utumishi, "waache wateke. Mgeni atawakuta wanateka."

"Bwana Hamisi, wakishaanza kuitumia ni mali yao. Mgeni atakabidhi nini?"

Mgeni aliahirisha, akaahirisha tena. Wanakijiji walichonga mpini wa mninga, ukavunjika. Sista Gaudensia, mkuu wa zahanati, alikuja ofisini kwa baiskeli, vumbi tupu hadi kwenye kitambaa cha kichwa.

"Ndugu Meneja, wanawake wanachota dimbwi moja na ng'ombe. Nimeanza kupokea wanaohara damu. Nipe hicho chuma tu, sherehe tutaifanya siku yoyote mnayotaka."

Aliambiwa avumilie kidogo. Mpini ulikuwa umefungiwa kwenye kabati la chuma, nyuma ya mgongo wa Meneja.

Haukupita muda Zaina naye akaanza kuhara damu. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, hakulia. Dada yangu hakupata mwingine.

Mgeni rasmi alifika arobaini haijaisha. Meneja aliniagiza nitafute mama mmoja wa kupampu mbele ya mpiga picha. "Mwenye uso wa furaha," alisema. Nilimwambia akamtafute mwenyewe. Kwa jibu hilo nilihamishiwa ghalani, nikahesabu madebe ya mafuta mpaka nilipostaafu. Mpaka leo sijamsamehe, na sioni kwa nini nimsamehe.

Sasa nakaa Isevya na Zaina, ambaye ni mjane. Juzi alinijia binti wa kampuni moja kutaka ushauri. Wamejenga wodi ya wazazi kwa ushirikiano na shirika la hisani. Imekwisha, vitanda vimo, wanasubiri mgeni rasmi. Nilimwambia waifungue leo hii.

"Babu," alisema kwa upole, "tukiifungua kimyakimya, nani atajua kwamba tumetoa?"

"Atakayezalia humo."

Akatabasamu, akaniahidi kiti cha mbele siku ya uzinduzi. Zaina alikuwa karibu nasi akichambua mchele.

"Mwanangu," aliuliza, "na ufunguo wa hiyo wodi anao nani?"

"Uko ofisini kwetu, bibi," binti akajibu. "Usiwe na wasiwasi, uko salama kabisa."