Kadi za Marehemu

Siku ya kikao cha familia tulikuwepo mimi, wadogo zangu watatu, shangazi kutoka Naitiri na baba mdogo kutoka Bungoma. Tulijadili kadi mbili za mkopo za maduka ya Kitale, alizoziacha baba, ambaye tulimzika mwaka mmoja baada ya mama. Niliamini hazijatumika tangu augue, nikataka zifungwe.

"Ati ufunge?" baba mdogo alifoka. "Kadi ni heshima ya boma! Wewe uliyeachia shule darasa la saba unajua nini?"

"Heshima haipikwi, baba," nilimjibu. Shangazi akacheka hadi akamwaga chai.

Kesho yake nilienda Kitale. Duka la kwanza lilifunga kadi bila neno. La pili lilikuwa la nguo, na Mhindi mwenye duka akafungua daftari.

"Hii inatumika, dada. Baba yako mdogo alichukua suti ya kuvaa mazishini. Alisema boma ni moja. Kubali deni, ndipo nifunge."

Kumbe heshima ya boma ilikuwa na mifuko minne na bitana inayong'aa! Ningeiacha kadi wazi, angerudi kuchukua viatu. Nikatia sahihi.

Kufikia mavuno nilikuwa nimemaliza kulipia koti. Suruali bado.