Darasa Kwenye Foleni ya Chai

Nilimwahidi mwalimu wangu Kerubo kwamba siku nitakapoweza kuwaeleza watu maisha yangu, nitaanza na Mama Nyaboke. Kila ninusapo majani mabichi ya chai yaliyoshindiliwa guniani, ahadi hiyo hunirudia.

Mimi na mama tulihamia Nyaramba kutoka Bungoma, naye akapata kibarua cha kuchuma chai. Darasani mambo mengi yalifafanuliwa kwa Ekegusii, lugha ya wenyeji, na nilipojaribu kukisema, wenzangu walicheka. Nikanyamaza. Mama akaambiwa kwamba nisipoanza kujibu nitarudishwa darasa la chini. Aliamua kwamba hilo likitokea, atanirejesha Bungoma kwa nyanya. Sikutaka kabisa kutengana naye.

Kerubo alikuwa miongoni mwa vijana waliojitolea kuwafundisha watoto wa wahamiaji baada ya shule, bila malipo. Jumapili tulikutana naye katika ukumbi wa kanisa, maana waumini wa pale waliishika Sabato siku ya Jumamosi. Siku za shule alinifundisha kwa simu ya video akiwa mjini Kisii. Simu yenyewe ilikuwa ya mama, na jioni mama alikuwa kwenye foleni ya kupimiwa chai. Basi darasa langu likawa huko, simu ikiegemezwa kwenye gunia.

"Tatu na nne, kwa Ekegusii?" Kerubo aliuliza.

"Kianda," akadakia Mama Nyaboke, mchumaji aliyepanga foleni nyuma yetu. Yaani tisa.

"Mama, wacha mtoto ajibu," Kerubo akamwambia.

"Si amenyamaza? Nitangoja lori la chai, nimngoje na yeye?"

Kosa kubwa namna hiyo lilinishinda kuvumilia. "Ni isano na ibere," nikasema. Saba. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara nyingi bila kuthubutu kuyatamka.

"Kumbe. Haya, mwalimu wangu, nieleze polepole, mimi ni mzito," Mama Nyaboke akaniambia.

Nikamweleza kwa Ekegusii changu cha kuungaunga, na hakuna aliyecheka. Kila jioni alikosea, nami nikamsahihisha, nikimhurumia kwa dhati. Kufikia mwisho wa muhula nilikuwa nikijibu darasani kwa sauti, na mama hakuitaja tena safari ya Bungoma.

Nilipoingia chuoni ndipo Kerubo aliponieleza. Kila alasiri Mama Nyaboke alikuwa akimpigia simu kuuliza maswali ya siku hiyo, ili ajue akosee wapi.

Msomaji wangu, ikiwa kuna mtoto aliyehamia karibu nawe, naomba umpe saa moja ya jioni yako. Kosea jibu moja, kisha umngoje.